Kibe wa Nani?

Jumatatu, 6 Oktoba

Dayari hii ni ya duka la mbolea pale Kitale. Tejinder alipewa bure mwezi wa kwanza, akaitupa kwa dashibodi ya trekta, na miezi tisa imepita bila mtu kuandika hata neno. Nimeichukua. Shule niliachia kidato cha pili, lakini insha zangu mwalimu alikuwa anaenda kusomea madarasa mengine, kwa hivyo mwenye kusoma hii ajue anasoma kitu.

Jina ni Kibe. Nilifikisha miaka kumi na minane Agosti. Naendesha trekta ya Tejinder Singh na mashine yake ya kupukuchua mahindi, na kutoka Kiminini hadi Endebess hakuna mtu anaweza kurudisha trela nyuma kama mimi. Hata Kipruto, mwenzangu wa kazi, anajua. Ndio maana ananuna.

Leo Tejinder ameniita kando. Dereva wake wa lori anazeeka, mwakani anapumzika. "Kiti nakuwekea wewe, Kibe. Barabarani, si shambani tu. Lakini leseni. Na leseni haiji bila kitambulisho. Januari ikiisha kama huna kadi, nampa Kipruto."

Nikamwambia, Singh, hiyo kadi ni kazi ya asubuhi moja.

Alhamisi, 9 Oktoba

Si kazi ya asubuhi moja.

Cheti cha kuzaliwa sina. Nilizaliwa nyumbani, Shosho, nyanya yangu, akiwa mkunga, na Shosho hatoi vyeti. Bila cheti unataka barua ya chifu. Na chifu hagusi kalamu mpaka wazee wa kamati waseme wanakujua, kwa sababu Uganda iko hapo tu nyuma ya mlima, na kijana bila karatasi anaonekana kama amevuka jana usiku.

Nimekaa kwa benchi tangu saa mbili hadi saa saba. Wazee watatu mezani. Wa katikati ni Mzee Gachanja, mwenyekiti, mzee wa kanisa, mtu wa kofia ya kijivu na viatu vilivyopigwa rangi mpaka unajiona sura. Pembeni karani, dada anaitwa Jepkorir, anaandika.

"Unaitwa?"

"Kibe Ndirangu."

"Mama yuko?"

"Alivuka mpaka pale Malaba nikiwa na miaka mitatu, akasahau njia ya kurudi."

"Baba?"

"Ndirangu Nyaruai. Alifariki nikiwa darasa la sita." Nikatoa kopi ya kitambulisho chake.

Mzee wa kushoto akaisogeza mbali na macho, akaisoma kama anatangaza mnada. "Nya-ru-ai? Si hilo ni jina la mwanamke?"

"Ni Shosho yangu. Yuko hai. Kitambulisho chake nimekuja nacho, hiki hapa."

"Hatujauliza shosho. Tunauliza mwenye boma. Babu yako ni nani? Ukoo gani? Walitoka wapi?"

Nikasema kwetu mambo ya babu hayajakuwa mengi. Benchi nzima ikacheka. Mama mmoja ambaye hata simjui alicheka mpaka akashika mbavu. Masikio yangu yalikuwa moto kama injini.

Mzee Gachanja peke yake hakucheka. Kwa hilo nampa heshima. Aliinama mbele, akasema kwa upole, "Kijana wetu, nenda umuulize Nyaruai. Mwambie ni mimi nimeuliza."

Ijumaa, 10 Oktoba

Shosho alikuwa anachagua maharagwe kwa ungo.

"Waambie waandike Nyaruai," akasema.

"Wanataka mwanaume, Shosho."

"Basi waende wamtafute."

"Ni Mzee Gachanja ameuliza. Amesema nikuambie ni yeye."

Mikono ikasimama kwa maharagwe. Akaweka ungo chini, akainuka, akaenda kuangalia kuku nyuma ya nyumba. Kuku wote walikuwa mbele ya nyumba.

Nimechukia, sitaficha. Mwanamke wa karibu miaka themanini, amenilea, anajua siku ng'ombe wa kila jirani alizaa, na anashindwa kunipa jina moja tu la mtu aliyelala naye? Ni aibu gani hiyo ya kufichia mjukuu?

Jumamosi, 11 Oktoba

Tumekata mahindi. Vumbi mpaka kwa kitovu.

Jumanne, 14 Oktoba

Mimi ni mjanja kuliko hata nilivyokuwa nafikiria.

Nilikuwa juu ya trekta, Kipruto yuko kwa trela ananichokoza. "Wewe hata hujulikani ulitoka wapi. Ulipatikana kwa gunia kama panya wa stoo." Nikamwambia panya wa stoo angalau ana stoo. Tukacheka. Halafu ikaniingia, pap!

Sisi Wakikuyu hatupei watoto majina ovyo. Mtoto wa kwanza wa kiume anaitwa jina la babake baba. Iwe ni tajiri, iwe ni mlevi, hilo halina mjadala. Mimi ni wa kwanza kwa Ndirangu, tena wa kwanza na wa mwisho. Kwa hivyo baba yake Ndirangu aliitwa nani? Kibe! Jibu nimetembea nalo miaka kumi na minane, nikaliitikia shuleni kila asubuhi.

Nilisimamisha trekta nikapiga kelele, "Babu ni mimi!" Kipruto akafikiri jua limeniingia.

Alhamisi, 23 Oktoba

Kamati tena. Nimeingia kifua mbele, nikawaeleza habari ya majina kama wakili.

"Sawa," mzee wa kushoto akasema. "Kibe wa nani?"

"Kibe babu yangu."

"Kibe wako wengi kama nzige. Kibe wa nani, wa ukoo gani, alikuwa na shamba wapi? Leta mtu wa kina Kibe, akae hapo, aseme huyu ni wetu. Vinginevyo kesho Mganda atakuja hapa aseme anaitwa Kibe."

Benchi ikacheka. Nimeanza kuchukia hiyo benchi hata mbao zake.

Nikitoka, Mzee Gachanja alinifuata. Akanipeleka kwake, ni karibu. Chai ya maziwa matupu, mkate, mayai mawili. Nyumba ya mawe, ukutani picha za binti zake watano na majoho ya chuo, na hakuna kijana hata mmoja. Nilikula, yeye akiniangalia tu. Akaniuliza kama Shosho amesema kitu. Nikasema hapana.

"Atasema," akasema. "Mpe muda. Lakini umuulize tena." Halafu akashika mkono wangu, akaugeuza. "Mikono hii naijua."

Huyo ndiye mzee. Hao wengine ni makapi.

Jumapili, 26 Oktoba

Nimemuuliza Shosho tena. Amesema nimwache aombe.

Jumatano, 29 Oktoba

Mvua, na si wakati wake. Tumefunika mahindi ya watu na turubai, tukakaa juu yake kama kuku wanaatamia. Tejinder alikuja na mwavuli. Nikamuuliza kama yeye babu yake anamjua.

"Namjua mpaka wa saba," akasema. "Na bado wananiuliza nitarudi kwetu lini. Nimezaliwa hapo nyuma ya soko." Akapiga teke tope. "Kadi ni muhimu, Kibe. Hayo mengine hayana mwisho."

Jumatatu, 3 Novemba

Tumevuka na mashine upande wa Bungoma. Kazi ya wiki moja, Tongaren. Mahindi ya huku ni mengi na watu wake wanaongea kwa sauti kama wako mtoni. Nimeuliza kila mtu kama kuna watu wa kina Kibe. Mwenye kibanda cha chai akaniambia, "Kibe? Kuna mama mmoja Mkikuyu, Waithera, pale chini kwa kisima. Huyo huwa anaongea maneno ya Kibe. Lakini kijana yake ni mkari, bana. Ujichunge."

Jumatano, 5 Novemba

Hii itakuwa refu.

Nimeenda saa saba, wakati mashine inapumzika. Mama Waithera ni wa miaka sabini na kitu, mwembamba, ana macho ya kucheka. Nikamwambia naitwa Kibe, mtoto wa Ndirangu wa Nyaruai, kutoka Kitale.

Akaweka ndoo chini. "Nyaruai alimpa mtoto jina la mjomba wangu?"

"Si ni babu yangu?"

Alinishika uso na mikono miwili yenye maji, akacheka, halafu machozi. Akaniketisha. Akaniambia wote walikuwa shamba moja la mzungu, upande wa Cherangani, yeye akiwa kasichana. Kibe alikuwa mpishi wa vibarua, mguu mmoja mbovu. Hakuoa. Hakuwahi kupata mtoto, hata wa kusingiziwa. Nyaruai alipopata mimba akafukuzwa kwa nyumba za vibarua, na Kibe ndiye alimfungulia jikoni, akamlisha, akamjengea kibanda. Watu wakasema mimba ni yake. Kibe hakukubali wala hakukataa, akaendelea kukoroga uji.

"Mwanaume asiye na mtoto kwetu hakuna wa kumwita jina," Mama Waithera akasema. "Anakwisha kabisa. Mimi nimelia hiyo miaka hamsini. Kumbe Nyaruai amemweka kwako. Kwa nafasi ya babu!"

Nilikuwa na aibu kumuuliza, lakini nikauliza. "Basi babu yangu mwenyewe ni nani?"

Akaivuta ndoo yake karibu. "Nyapara alikuwa nani? Si alikuwa baba yake Gachanja? Kambi nzima ilijua mtoto ni wa nani. Zaidi ya hapo si yangu, ni ya Nyaruai."

Hapo ndipo kijana wake, Kagwe, alitokea na panga. Mtu wa miaka arobaini, tumbo mbele. Hata hakusalimia.

"Umetumwa na nani? Ati Kibe! Shamba hili lina hati, unasikia? Hakuna mtu atatoka Kitale na jina la kukopa aje apimiwe hapa!"

"Kagwe, mtoto hajataja shamba," mama yake akasema.

"Wote hawataji siku ya kwanza!"

Nikamwambia shamba lake hata likinifuata mpaka Kitale nitalifukuza na mawe. Akainua panga. Nikaondoka kwa heshima, yaani mbio.

Nimeandika hii juu ya trekta. Lakini wacha niseme ukweli, kwa sababu dayari ni yangu. Sikasiriki. Nina furaha! Baba yake Gachanja! Ile nyumba ya mawe! Mzee Gachanja ni ndugu wa baba yangu, damu moja. Ndio maana aliujua mkono wangu. Na Shosho ametuweka kwa nyumba ya udongo miaka yote hii, akificha jina kama hilo? Kwa nini? Kiburi tu. Nimemchukia leo kuliko siku yoyote.

Jumatatu, 10 Novemba

Tumerudi Kitale. Sijamwambia Shosho chochote. Nimekula ugali wake bila kumwangalia.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimeenda kwa Mzee Gachanja mwenyewe. Nikasema tu, "Nimetoka Tongaren." Alielewa. Akavua kofia, akaniita ndani, akafunga mlango. Nilifikiri atanifukuza. Badala yake akalia, mzee mzima.

"Nina binti watano," akasema. "Binti wataita watoto wao majina ya kina waume zao kwanza. Jina la baba yangu limekaa hewani. Hakuna kijana hata mmoja anayeitwa yeye. Nikifa, limekwisha. Na wewe uko hapo chini, unaitwa jina la mpishi."

Akanieleza. Kamati inakaa tarehe nne mwezi wa kumi na mbili. Nikisimama mbele ya watu niseme babu yangu ni nani, nilitaje jina la baba yake, kwa mdomo wangu, yeye atathibitisha hapo hapo. Barua siku hiyo hiyo. Na kadi yangu iandikwe jina hilo pamoja na langu. Na ekari tatu, zile za chini karibu na mto.

"Lakini Nyaruai akubali," akasema. "Asije akaanza maneno. Sitaki maneno."

Ekari tatu! Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi. Kipruto nimempita nikamwambia ajitayarishe kunisalimia kwa kuinama. Akasema, "Kwani umekuwa daraja, nikupite chini?"

Ijumaa, 14 Novemba

Nimemwambia Shosho. Nimemwambia kama mtu anayemrushia mtu jiwe. Kwamba najua, kwamba nitasema jina, kwamba nitapata kadi na ekari tatu, na yeye amekuwa mwongo miaka sitini.

Alikuwa anakamua mbuzi wetu mmoja. Akamaliza kukamua. Akafunika maziwa. Akaketi.

"Nilikuwa na miaka kumi na minane," akasema. "Kama wewe. Nyapara ndiye alikuwa anapima pareto tuliyochuma. Ukimkataa, pareto yako ni mbichi, haipimwi, unalala njaa. Nilikataa mara tatu. Mara ya nne hakuniuliza. Alifunga mlango wa stoo."

Nilisema, "Shosho, basi."

"Hapana. Umeuliza tangu Oktoba, sasa kaa chini usikie. Kambi nzima ilijua. Walisikia. Kesho yake wakasema mimi ndiye nilimfuata. Gachanja hakuwa mtoto wa kunyonya, alikuwa na miaka kumi na mbili, anajua. Mimba ilipoonekana, nyapara huyo huyo akanifukuza, ati nimechafua kambi. Kibe akanipikia. Mlemavu wa watu! Hakunigusa hata kidole miaka yote, na alibeba kashfa yangu mgongoni kama gunia, mpaka akafa."

Akafuta mikono kwa leso.

"Baba yako nilimwita Ndirangu, jina la baba yangu mimi, kwa sababu mtoto alikuwa wangu. Wewe ulipozaliwa, baba yako akaniuliza, mama, nafasi ya babu tuweke nani? Nikasema Kibe. Lile lingine, la nyapara, halikuingia kwa baba yako, halikuingia kwako. Kwetu mtu asipoitwa na mtoto amekufa mara ya pili. Nilitaka afe mara ya pili, na nimengoja sana. Sasa wewe unataka kumfufua kwa kitambulisho."

Nilitoka nje. Nilitapika nyuma ya choo. Nilikuwa sijala kitu asubuhi, lakini kilichotoka kilikuwa na ladha ya yale mayai ya Gachanja. Najua haiwezekani, ni wiki tatu. Ndio nasema ladha ilikuwa hiyo.

Mikono hii naijua! Nimeiosha mara nne leo na sabuni ya vyombo. Bado ni ile ile.

Jumamosi, 15 Novemba

Kazi.

Jumatatu, 17 Novemba

Mvua tena. Mahindi ya mwisho wa barabara yameanza kuota kwa gunia, na yananuka. Kila kitu kinanuka.

Alhamisi, 20 Novemba

Mzee Gachanja amepita shambani na baiskeli. "Kijana wetu, tarehe nne." Akatabasamu. Meno yake ni meupe, yote yako. Nilikuwa namwita ndiye mzee. Yule wa kushoto ni mjinga na ana mdomo, lakini aliuliza kwa sababu hajui. Huyu aliniuliza kitu anachokijua. Alinituma nyumbani mara tatu nikamchokonoe mwanamke mzee kidonda, ili yeye apate jina la baba yake limetoka kwa mdomo wetu, limeoshwa. Na mimi nilienda mbio, kama mbwa aliyetupiwa fimbo.

Kinyaa hiki sijui nikiweke wapi. Kipruto ameniuliza mbona siongei. Nikamwambia nafikiria leseni yake.

Jumapili, 30 Novemba

Shosho ameniuliza nitasema nini tarehe nne. Nikasema nitasema sina babu. Watanirudisha, Tejinder atampa Kipruto kiti, na mimi nitaendesha trekta shambani mpaka nizeeke, hata hivyo hakuna mwingine anajua kurudisha trela.

Amesema nipige pasi leso yake nyeupe.

Alhamisi, 4 Desemba

Shosho amekuja nami. Tulitembea polepole. Benchi ilikuwa imejaa, wakampisha.

Jepkorir akaita, "Kibe Ndirangu." Nikasimama. Shosho akasimama pia, na hakuna aliyemwita. Mzee Gachanja alipomwona, akaanza kupanga makaratasi ambayo yalikuwa yamepangwa.

Mzee wa kushoto akasema, "Haya kijana, tumalize leo. Babu yako ni nani?"

Nikafungua mdomo. Shosho akaweka mkono kifuani kwangu.

"Wewe hujui unachouliza, sikulaumu," akamwambia yule mzee. "Acha mwenyekiti aulize. Gachanja. Niulize mimi."

Gachanja akasema, "Mama Ndirangu, si lazima..."

"Tangu Oktoba ilikuwa lazima. Umemtuma mtoto kwangu mara tatu. Sasa nimekuja, miguu inauma. Uliza. Unataka jina, nitakupa jina. Lakini halitatoka peke yake. Litatoka na habari yake yote, na mlango wa stoo, na watu hawa wote wakisikia. Uliza kwa sauti, wengine huko nyuma ni wazee kama mimi, hawasikii vizuri."

Nzi walikuwa wanasikika. Mama mmoja kwa benchi, wa umri wa Shosho, aliangalia chini, na nikajua huyo naye anajua. Nikaangalia benchi nzima. Nikaona wawili, watatu wa umri huo, wote wakiangalia viatu.

Kofia ya kijivu ilikuwa inazunguka kwa vidole vya Gachanja. Jasho.

Jepkorir akauliza, kalamu juu, "Mwenyekiti, niandike nini?"

"Andika..." Sauti ilikuwa kama ya mtu amemeza gunzi. "Andika bibi ndiye mlezi. Anajulikana. Mimi nathibitisha."

"Na mahali pa babu?"

"Piga mstari."

Akatia sahihi. Mzee wa kushoto akamuuliza kuna nini, yeye akavaa kofia.

Nilitaka kurukaruka. Lakini tulipofika kwa kona Shosho alikaa chini kwa nyasi na nguo zake safi. Ile leso nyeupe ilikuwa imelowa jasho kama imetolewa mtoni. Hakusema nimeshinda. Alisema, "Ameniangalia kwa macho ya baba yake." Nilimbeba mgongoni mpaka nyumbani. Ni mwepesi kuliko gunia la magunzi.

Jumatatu, 8 Desemba

Nimepigwa picha na alama za vidole. Vidole vyote kumi. Wino umekataa kutoka. Karatasi ya kungoja ninayo.

Jumatano, 17 Desemba

Mashine imemaliza msimu. Tumeiosha.

Jumatano, 24 Desemba

Kijana wa bodaboda ameleta mbuzi. Dume, mweupe, mnono, amefungwa utepe shingoni. Nyama sijaonja tangu Septemba, mate yalijaa mdomoni kabla sijauliza imetoka kwa nani.

Ujumbe ukaingia kwa simu, namba ya Mzee Gachanja: Krismasi njema. Mkimla tutakuwa tumemaliza. Hata zile karatasi zitaenda vizuri.

Nilimsomea Shosho. Akaniambia nisimfungue hata kamba. Kwetu mwanaume akiharibu msichana wa watu, watu wake wanaleta mbuzi. Mkimla, hakuna kesi, mtoto ana kwao, na msichana hana la kusema tena. "Wamechelewa miaka sitini," akasema, "na bado wanafikiri bei ni ile ile."

Nilimrudisha. Mbuzi alikataa kutembea, nikamvuta, nikambeba, akanikojolea. Watu walikuwa wanatoka kanisani kwa mazoezi ya kwaya, wote wakasimama kuangalia. Mzee Gachanja alikuwa langoni kwake na binti zake wawili waliokuja likizo.

"Kijana wetu, zawadi hairudishwi."

"Mzee, kwetu hii haituingii."

Akanikaribia, sauti chini. "Ile barua niliandika kwa mkono wangu. Mkono huu unaweza kuandika nyingine, kwamba nilikosea."

Kiti cha lori kilinipita mbele ya macho, na Kipruto juu yake.

"Andika, mzee," nikasema. "Lakini uandike na huyu mbuzi ni wa nini. Uwaandikie na hawa." Nikaonyesha binti zake na kidevu.

Mmoja akauliza, "Dad, ni wa nini?"

Sikungoja kusikia. Nilimfunga mbuzi kwa lango. Nilipogeuka alikuwa ameanza kula maua ya mwenye nyumba.

Alhamisi, 25 Desemba

Tumekula sukuma na mayai. Mayai yamekataa kushuka, nikampa Shosho yangu.

Jumatano, 14 Januari

Dayari ilikwisha, nimerudi mbele kwa kurasa za Januari ya mwaka jana. Zilikuwa tupu, mnakumbuka.

Wiki tatu nimelala vibaya nikingoja kama Gachanja ataandika ile barua nyingine. Leo Jepkorir amepiga simu: kadi imekuja. Nilienda mbio. Akanipitishia dirishani.

Nimeisoma hapo hapo, na kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Jina langu. Tarehe. Mwanaume. Mahali nilipozaliwa. Sura yangu, ambayo ni nzuri kuliko ya watu wengi. Sahihi. Nikageuza nyuma. Nikageuza mbele tena. Nikaiinua kwa jua.

"Unatafuta nini?" Jepkorir akauliza.

"Mahali pa babu."

"Babu gani?"

"Si yule mliniuliza tangu Oktoba."

"Aa, hiyo." Alikuwa tayari anaita mwingine. "Hiyo haiendi Nairobi. Hata kwa fomu hakuna mahali pake. Hiyo wazee huuliza tu wajue."

Wajue!

Nilisimama hapo na kadi mkononi. Benchi ilikuwa imejaa, watu walewale au wengine, sijui. Ndani nikasikia mzee wa kushoto, na kofia ya kijivu imekaa kando yake kama kawaida, anamuuliza msichana fulani ambaye sauti yake haikuwa inasikika:

"Babu yako ni nani?"

Na benchi ikacheka.